Mgeni wa Futi Elfu Thelathini na Nane

Usiku wa jana, karibu na alfajiri, niliota niko kazini, angani, nasukuma toroli la chai. Mimi ni mhudumu wa ndege, kwa hiyo hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni toroli kuninong'oneza.

"Dada Tunu, yule wa 14C hana tiketi."

Nililitilia shaka toroli lenyewe. Siku hizi namtilia shaka kila mtu. Nina mimba ya miezi miwili na sijamwambia yeyote, hata mume wangu Makame. Kwetu mimba changa haitangazwi, macho ya watu yana mambo yake. Halafu nikitangaza ofisini nitashushwa, nikae kaunta kupima mabegi ya watu, wakati ndiyo kwanza nimepangiwa safari za kaskazini nilizozililia miaka. Basi nimefunga mdomo, na kila anayenitazama kiunoni namhesabu mmbeya.

Kapteni anatangaza: "Mabibi na mabwana, tumefika futi elfu thelathini na nane. Blanketi limebaki chini."

Nachungulia dirishani. Kweli, hewa yote imelala juu ya dunia, blanketi zito la kijivu kama la bwenini, na sisi tuko juu yake, hatujafunikwa na kitu. Abiria wanajikunyata. Mmoja ananiomba shuka. Namwambia kwa hili hakuna shuka linalosaidia.

"Pia tunaiacha ikweta," kapteni anaongeza. "Sumaku ya dunia pale ndiyo iliyokuwa ikituzuilia wengi wao. Tafadhali iageni."

Tunaipungia mkono. Nayo inatupungia.

"Wengi wao akina nani?" nauliza. Kapteni anazima kipaza sauti. Nahisi wameshapanga.

Naenda 14C. Kiti ni kitupu, ila mkanda umefungwa na umekaza.

"Utatumia nini, chai au kahawa?"

"Situmii," sauti inajibu. "Napita tu."

Kila mwenye lake husema anapita tu. "Unatoka wapi?"

"Nyota moja hivi. Ilikufa, mionzi yake tukatawanyika."

"Pole kwa msiba."

"Tumeshapoa."

"Na unakwenda wapi?"

"Upande wako wa pili."

Sikulipenda jibu hilo hata kidogo. Nikageuka nimwite kapteni, na ujia wa ndege umekuwa sebule ya mama mkwe wangu. Viatu vimejaa mlangoni. Abiria wamekuwa majirani, wamekaa mkekani, na mbele kabisa yupo Bi Mwatime wa nyumba ya pili, ambaye jicho lake naliogopa kuliko mtikisiko wa ndege. 14C naye amekuja, na kiti chake na mkanda wake.

"Mko wangapi humo?" ananiuliza mbele ya watu wote.

"Mmoja."

"Nimepita kwenye mioyo miwili."

"Wa pili ni wa jirani. Nimemtunzia tu."

Bi Mwatime anaacha kutafuna tambuu.

"Sawa," anasema 14C. "Sheria zenu nimezisoma nikipita. Mtoto anaanza kuwekewa kiwango chake cha mionzi siku mama anapomtaja. Asiyetajwa ni mzigo wa mkononi."

"Umemfanya nini?"

"Pengine sijamfanya kitu. Wengi wetu hatufanyi. Ila tuko wengi, na wewe unapanda kila wiki."

"Na hodi hampigi!" nikamfokea. "Mnaingia kwenye mwili wa mtu kama choo cha stendi!"

"Tunapiga," akasema kwa upole. "Kila safari tunapiga. Wewe hujibu. Anajibu yeye."

Nikatega sikio. Ikasikika hodi, nyembamba mno, na kutoka tumboni mwangu kitoto kikaitikia, kwa adabu ambayo mimi sijamfundisha:

"Karibuni."

Karibuni, wote. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa tangu nizaliwe.

"Usiwakaribishe!" nikapiga kelele. "Mwanangu, usiwakaribishe!"

Nikazinduka. Kumekucha. Makame alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mswaki mdomoni, ananitazama.

"Mwanangu nani?"

Nilikuwa natazama koti langu la kazi, lililotundikwa nyuma ya mlango. Usawa wa kitovu palikuwa na kitundu kama cha sindano, na mwanga wa jua ulikuwa ukipenya hapo. Nikainuka nikalishika. Koti lina tundu mbele, lina tundu mgongoni, na mlango wa mninga una tundu, yote mstari mmoja. Jana halikuwa hivyo, nimelipiga pasi mwenyewe.

Makame akaja akachungulia. "Nondo hao."

"Nondo gani anatoboa mninga?"

Akarudisha mswaki mdomoni. Nikachukua simu nikampigia Bi Rukia, msimamizi wetu wa safari. Nje, Bi Mwatime alikuwa akifagia uwanja, na niliposema tu alo, ufagio ukasimama. Juzi ningeshusha sauti. Leo nilifungua dirisha lote, pande zote mbili.

"Bi Rukia, nina mimba," nikasema, kwa sauti ile ninayotangazia abiria. "Nishushe."