Koti la Fundi Kesho

Mtaa mzima ulimwita Fundi Kesho, wala haukumwonea. Ukimpelekea kitambaa Jumatatu atakuambia kesho, ukirudi Jumanne atakuambia kesho, tena kwa uso mkunjufu hata uondoke ukimshukuru. Kuna mama aliagiza sare ya shule ya mwanawe, akaja kuichukua mtoto ameshaota ndevu. Mafundi cherehani wengi wana ugonjwa huo, lakini huyu mwanamke alikuwa bingwa wao.

Asubuhi moja aliingia kijana mrefu, amejaa majivu tangu nyusi hadi viatu, mkononi ana koti la kijivu lililochanika kwapani.

"Shikamoo, fundi. Hili koti ndilo lililonileta. Natoka miaka ya mbele, baada ya dunia kuungua. Likiwa na tundu haliwezi kunirudisha."

Fundi alishasikia visingizio vyote vya wateja wenye haraka: harusi, misiba, safari za ghafla. Hiki cha dunia kuungua kilikuwa kipya. Alilipindua koti, akakuta bitana imefumwa kwa nyuzi za shaba nyembamba kama nywele, zina joto la mtu mwenye homa. Hapo akaamini, maana nguo haikuwahi kumdanganya hata siku moja. Wanaodanganya ni watu, na yeye akiwemo.

"Inaungua lini hiyo dunia?"

"Enzi za vitukuu vyenu."

"Ah, basi muda upo. Njoo kesho."

Kijana akaja kesho. Kosa lake lilikuwa hilo. Kwao watu wanaishi chini ya ardhi na maji yanagawiwa kwa kikombe, kwa hiyo mtu akitamka neno amelitamka. Alifika kabla kufuli halijafunguliwa, akaambiwa kesho, akasema asante, akashika ufagio akafagia vipande vya vitambaa. Siku iliyofuata akaitia cherehani mafuta. Siku nyingine fundi akampa chungwa, la kwanza maishani mwake, naye akalia waziwazi mpaka mteja mmoja akampa pole ya msiba. Fundi alicheka, kisha akajikuta anammenyea jingine.

Mwanzoni fundi alisema kesho kwa mazoea tu. Baadaye aliisema kwa sababu alikuwa amempenda, na kila alipoitazama sindano aliiona adui.

Shangazi yake, aliyeshinda dukani akishonea vifungo, hakupendezwa.

"Kwao wapi?"

"Si wapi, shangazi. Ni lini."

"Usinichanganye. Mwanangu, huyu ni mtoto! Wewe mvi hizo zinachungulia, yeye hata ndevu hazijakaa sawa. Atakukimbia."

Fundi alijibu kwa kukanyaga cherehani kwa nguvu, akashona mfuko wa suruali ya mtu ukaziba kabisa.

Alasiri moja kijana alisimama mbele ya meza na kifuko mkononi. Ndani mlikuwa na mahindi, maharage, na mbegu za machungwa alizozitema akazianika.

"Fundi, nisamehe kuuliza. Dada yangu ana watoto, wanakula ukungu wa ukutani. Nilitumwa mbegu, na nimezipata. Hii kesho itakuwa kesho kweli?"

Fundi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Kumbe siku zote hizo alikuwa anawanyima chakula watoto ambao hawajazaliwa. Alivuta kiti, akashona bila kuinua kichwa, na jua halijazama akamkabidhi koti lake. Shangazi alidondosha kopo zima la vifungo kwa mshangao.

"Nitarudi," alisema kijana akifunga vifungo vya koti.

"Lini?"

"Kesho asubuhi."

Fundi alicheka mpaka akatoa machozi, kisha kicheko kikaisha yakabaki machozi. Kufumba na kufumbua, kijana hayupo. Sakafuni palibaki majivu kidogo, na fundi akakataza yasifagiliwe. Sasa alijua wateja wake huwa wanajisikiaje wakiambiwa kesho.

Asubuhi alikwenda kufungua duka shingo upande, asitarajie kitu. Mlangoni palikuwa na mtu amesimama, nywele nusu nyeupe, macho yamezungukwa na mikunjo, koti la kijivu begani.

"Nimechelewa?" aliuliza.

Fundi alilifungua kufuli, akamwachia mlango wazi. "Hujachelewa. Ndiyo kesho yenyewe."

Koti lilikuwa limefumuka alipofika kwao, alieleza, na kwao hakuna fundi hata mmoja. Akapanda mbegu, akajifundisha kushona kwa sindano ya waya, akishona na kufumua mwaka baada ya mwaka. Watoto wa dada wamekuwa watu wazima, wanagombania machungwa. Ndipo koti likakubali kumleta tena.

Fundi alilipindua. "Nani kashona huu uchafu?"

"Mimi."

"Inaonekana."

Mishono ilikwenda upogo, mingine imerudiwa mara tatu. Aliipapasa yote, polepole, akijua kila mmoja ulishonwa ili kumfikia yeye, na hakuwahi kupenda mshono wowote kiasi hicho.

Shangazi alivaa miwani, akamkagua mgeni juu hadi chini. "Sasa huyu ndiye wa umri wako," alisema. "Mpe kiti."

Kwapani koti lilikuwa limechanika tena. Fundi akalitundika kwenye msumari, nyuma kabisa ya sare na magauni yote ya watu.

"Litakuwa tayari lini?" aliuliza yule bwana.

"Njoo kesho."

Akasema asante, akashika ufagio.