Namba ya Kadi ya Kunigunda

Mlango wa chumba cha upasuaji ulipofungwa nyuma ya machela ya dada yake, Mwalimu Lidia alibaki na kadi ya kliniki ya wajawazito mkononi na hasira tele kifuani. Kando yake kwenye benchi alikaa shemeji yake Sixbert, mume wa Kunigunda, miguu imejaa tope la kijijini Mpepai.

"Nilikwambia umlete hapa Mbinga mapema," Lidia alisema.

"Kahawa ilikuwa imeiva, shemeji. Ningemwachia nani?"

Lidia akainamisha macho asije akapiga kelele hospitalini. Akaitazama kadi. Namba 1005973. Alikuwa mwalimu wa hesabu, hakuweza kuona namba akaiacha hivihivi. Hii ni witiri. Jumla ya tarakimu zake ishirini na tano, kwa hiyo tatu haiigawi. Tano, hapana. Saba inabakiza. Kumi na moja nayo inabakiza.

Hapo wazo baya likamwingia: ikiwa ni namba tasa, Kunigunda hatatoka mle ndani. Alilifukuza. Kila mwaka aliwaambia wanafunzi kwamba namba haijui habari za mtu. Lakini kalamu ilikuwa imeshatoka mkobani. Akagawa, akainuka, akaenda dirishani, akarudi, akagawa tena.

"Unatafuta nini?" Sixbert aliuliza.

"Naangalia kama hii namba ni tasa. Yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe."

Sixbert akatoa simu. "Nitajie, nibonyeze."

"Ishirini na tisa."

"Imeleta nukta."

"Thelathini na moja."

"Nukta."

Wakaendelea hivyo, wakapita mia. Muuguzi alipita mbio na mfuko wa damu, hakuwatazama. Lidia akashindwa kukaa. Alijua pa kuishia: kipeuo cha pili cha namba hiyo hakifiki 1003. Akazidisha 1003 kwa 1003, ili mikono iwe na kazi tu. 1006009. Imezidi ile ya kadi kwa thelathini na sita.

Sita mara sita!

"Shemeji, toa sita kwenye 1003, halafu jumlisha sita. Zidisha hizo mbili. 997 mara 1009."

Sixbert akabonyeza, akamgeuzia kioo cha simu. 1005973.

"Si tasa!" Lidia alisema, sauti ikipanda. "Ina vigawo viwili, vilijificha huku mwisho kabisa. Tungebonyeza mpaka jioni."

Akageukia mlango. Mlango ulikuwa umefungwa vilevile. Aibu ikampanda, mwalimu mzima kutegemea jambo kama hilo. Akaketi, akalia. Sixbert hakujua ni ubashiri gani Lidia alikuwa amejiwekea. Alivua koti lake akamfunika mabegani.

Jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa korido daktari alipotoka.

"Ndugu wa Kunigunda? Mama yuko hai. Mtoto ni wa kike, analia vizuri. Ila tumelazimika kuondoa kizazi. Hatazaa tena."

Sixbert aliinama, mikono magotini, kama aliyepanda mlima bila kupumzika.

"Hakuna neno," alisema mwishowe. "Hakuna neno, daktari. Naweza kumwona?"

Aliruhusiwa. Lakini alipofika mlangoni alisita, akageuka.

"Njoo, shemeji. Tangulia wewe. Mimi sijui nitamwambiaje."

Lidia akasimama, akatangulia.