Bunduki Inayokohoa

Siku mnunuzi alipokuja, Münevver alitandika gunia juu ya meza ya majaribio, akalaza bunduki tatu za marisau, zile zinazojijaza zenyewe, kila moja kutoka karakana tofauti na zote za bei nafuu. Kando aliweka ndoo ya matope. Mnunuzi, Mmarekani aitwaye Purcell, alikuwa amepanda milima ya Konya, Uturuki, kutafuta bunduki ya kuwauzia wawindaji wa bata wa Arkansas, watu wanaoshinda matopeni msimu mzima.

Münevver alikuwa mjaribu bunduki wa karakana ya Bwana Cevdet, na bega lake halikupendelea mtu. Ya kwanza ilijijaza kwa gesi ya risasi. Ilikuwa laini, lakini ilipotolewa matopeni ilimeza risasi mbili, ya tatu ikaikwama kooni. Ya pili ilijijaza kwa nguvu ya mshtuko wa kurudi nyuma. Ilikuwa nyepesi na safi, ila ilipiga teke kama punda, na ukiipa risasi dhaifu inagoma kufanya kazi. Ya tatu ilikuwa ya kwao. Ilipiga, ikanyamaza, halafu ikakohoa.

Kilikuwa kikohozi kirefu, kikavu, chenye mluzi mwishoni. Tope likatemwa pamoja na ganda la risasi, na bunduki ikaendelea kupiga mpaka risasi zikaisha.

"Hii inajisafisha koo yenyewe," alisema Purcell. "Nitachukua hizi, zote mtakazoweza kutengeneza."

"Huyo ni Durmuş," alisema Münevver.

"Fundi wetu wa kung'arisha mitutu," Bwana Cevdet alimfafanulia mgeni. "Ni mumewe."

"Basi hongera, mama," akasema Purcell, akamalizia chai yake.

Haikuwa siri kikohozi kiliingiaje. Mafundi wa bonde lile, wakishang'arisha mtutu, huuelekeza dirishani na kuupulizia pumzi ndani, kwa kuwa ukungu wa pumzi hufichua mikwaruzo. Durmuş alikuwa akipuliza hivyo tangu ujana wake, katika chumba ambamo vumbi la chuma huelea kama unga kinuni. Ya chuma yaliingia kifuani, na ya kifuani yakaingia kwenye chuma.

Jioni Münevver alimpakulia supu ya mtindi, akamsimulia. Durmuş alicheka mpaka akakohoa.

"Kumbe nitafika Amerika kabla yako."

"Utafika kaburini kabla yangu, mzee wewe. Kesho namwambia akuwekee feni ya kunyonya vumbi."

"Usinigombanishe na tajiri, mke wangu."

Münevver alimwambia Bwana Cevdet hata hivyo. Bwana Cevdet hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na huruma nyingi, ila ilikuwa huruma isiyotoka mfukoni.

"Dada Münevver, feni nilikuwa nimeshaifikiria. Lakini umesikia mwenyewe mgeni anataka nini. Nikimponya Durmuş, tutakula nini?"

"Kula tutakula. Shida yake ni kupumua."

 Kesho yake Bwana Cevdet alimpelekea Durmuş asali ya mlimani, ile nzuri kabisa.

Huko Arkansas, Purcell alisimulia kwenye simu, wawindaji walibishana juu ya bunduki rahisi kama kawaida yao, huyu akisifu gesi, yule akisifu mshtuko, na wengi wakaishia kununua inayokohoa. Walisema hata bata hawaishtukii. Maagizo yakaongezeka. Durmuş alipuliza mitutu mingi majira yale ya baridi kuliko yote aliyopata kupuliza, na theluji ilipoyeyuka akazikwa. Münevver alimlilia kwa sauti, mlango wazi, bila kumwonea mtu haya.

Nafasi yake alipewa Ekrem, aliyeoa majuzi tu na mwenye kifua kizima kama ngoma. Mitutu yake iling'aa, lakini bunduki zake zilikuwa kimya, na zikichovywa matopeni zinakwama kama za watu wengine. Purcell alipiga simu kuomba zile za marehemu. Bwana Cevdet akaingia chumba cha kung'arishia, akapitisha kidole kwenye vumbi la mezani, kisha akafunga dirisha.

"Atazoea," alimwambia Münevver.

"Mkewe ana mimba, Bwana Cevdet."

"Najua. Nitampelekea asali."

Zabibu zilipokwisha kuvunwa, Münevver alichovya bunduki ya Ekrem kwenye ndoo, akapiga. Katikati ilinyamaza. Kisha ikakohoa, kikohozi kidogo, cha mtu anayeomba radhi kupita mbele ya wageni. Tope likatoka, risasi zikaendelea. Bwana Cevdet, aliyesimama mlangoni, alishusha pumzi, akaenda kumpigia simu Purcell.

Münevver aligonga alama ya kufaulu kwenye chuma, kwa kuwa bunduki ilikuwa nzuri, na hilo ndilo aliloajiriwa kulisema.

"Pole, mdogo wangu," aliiambia, akachukua nyingine.