Sahihi ya Kahaso

Siku tuliyookota takataka ufuoni Mwabungo niliondoka chuoni na wanafunzi ishirini na wanane, nikarudi na ishirini na wanane, lakini karatasi ya mahudhurio ilikuwa na sahihi ishirini na tisa. Ya mwisho, chini kabisa, ilikuwa ya Kahaso Mramba. Kahaso alikuwa amekufa miezi minane iliyopita.

Niliikunja karatasi nikaitia mfukoni kabla mtu hajaiona. Halafu niliwasimamisha wote juani, na magunia yao ya chupa za plastiki miguuni, nikawauliza ni nani aliyeleta mzaha wa kipumbavu namna ile. Sikusema mzaha gani. Walitazamana. Nina hasira za karibu, hata mke wangu Mbula hunisema kwa hilo, na wanafunzi wameshanizoea, husubiri zipite. Safari hii hazikupita. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Mimi ni mlezi wa Klabu ya Mazingira katika chuo kimoja cha ufundi nyuma ya Ukunda. Mwanafunzi akihudhuria shughuli kumi, za kupanda miti, kusafisha ufuo au kufundisha watoto wa shule za msingi kutenganisha taka, hupewa cheti, na cheti hicho humsaidia akienda kuomba kazi hotelini. Ushahidi wa kuhudhuria ni sahihi mbili, ya kufika na ya kuondoka. Sasa kila mwalimu anajua, ingawa hakuna anayelisema, kwamba wanafunzi husainiana. Mmoja akienda haja, au akienda kununua soda, mwenzake humwekea sahihi. Hata mimi nilisainiwa hivyo hivyo enzi zangu.

Juni mwaka jana tulikwenda kupanda mikoko kwenye hori moja, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu karibu na Msambweni, mimi na wanafunzi arobaini na mmoja. Tarehe ilichaguliwa na ofisi, na ofisi haikumwuliza mwenyeji yeyote. Ikaangukia bamvua, siku ambazo maji hupwa mbali mno, na yakirudi hurudi kwa kasi. Mimi sikujua. Kwetu ni Shimba Hills, baba yangu alipata shamba huko akitoka Machakos, na maji niliyokua nayo ni ya kisima. Ilipofika saa saba mchana mama mmoja wa kikundi cha wanawake wa pale wanaotunza mikoko akatuambia tutoke matopeni. Kahaso alikuwa mbali bado, fungu la miche mkononi. Yeye alitoka Samburu ya huku kwetu, ndani bara, kwenye malori ya barabara kuu na mbuzi na vumbi, hakuwa amewahi kukanyaga tope la bahari, na alilifurahia kama mtoto mdogo. Alimwomba rafiki yake Yusra amsainie ya kuondoka. Yeye angemalizia mstari wake kisha aje.

Yusra akamsainia, akapanda basi, akapitiwa na usingizi wa uchovu. Alizinduka tumeshafika chuoni. Tuliporudi kule hori lilikuwa limejaa maji.

Kahaso alipatikana asubuhi yake. Waliomtoa walisema tope lilimshika magotini na maji yakamkuta hapo hapo. Kikao cha chuo kiliamua kwamba mwalimu alikuwa na orodha kamili iliyosainiwa, hangeweza kujua. Yusra alisimamishwa masomo muhula mzima. Alirudi amekonda, maneno yamemwisha, ila hakukosa shughuli hata moja ya klabu.

Baada ya Mwabungo tulikwenda kwenye shule moja ya msingi, na sahihi ya Kahaso ikatokea tena. Niliujua mwandiko wake, ile K kubwa yenye mkia mrefu. Kufikia wakati huo nilikuwa siwezi tena kuhesabu vichwa vya watu. Kazi hiyo nilimwachia Rispah, kiongozi wa klabu, nikisingizia kwamba namfundisha uongozi. Kanisani nilikaa benchi la mbele ili nisiwaone waumini, kwa sababu nikiwaona macho yalianza kuhesabu yenyewe, yakifika arobaini yanakwama. Mbula aliniuliza kwa nini ninasogeza midomo wakati wa mahubiri. Nikamwambia ninasali.

Siku ya kujaza udongo kwenye vifuko vya miche, pale kwenye kitalu cha chuo, niliishika karatasi mwenyewe, kila mmoja akasaini mbele yangu. Safari hii sikutazama nyuso, nilitazama mikono. Yusra alikuja wa mwisho. Akaandika jina lake, akateremka mstari mmoja, akaandika la Kahaso. Wala hakujificha.

Niliwaambia wengine waende. Nilikuwa nimejiandaa kufoka, lakini yeye ndiye aliyetangulia kusema.

"Alikuwa na shughuli sita, Mwalimu. Hii ni ya tisa. Ikitimia kumi nitampelekea mamake cheti."

"Hujui kwamba hilo ni kosa?"

"Najua. Sahihi iliyomuua niliiweka mimi. Niache niweke na hii moja iliyobaki."

Nilikaa juu ya ndoo. Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Siku ile ndani ya basi, kabla hatujaondoka, nilihesabu vichwa, nikapata arobaini. Nikarudia, nikapata arobaini. Nikatazama karatasi, arobaini na moja. Dereva alikuwa akipiga honi, na mimi nilikuwa nimechoka, nina njaa, miguu imejaa tope. Nikajiambia yuko mmoja ameinama anafunga viatu. Nikaiamini karatasi. Katika maelezo yangu kwa kikao niliandika kwamba nilihakiki orodha, na kweli niliihakiki. Sasa nilikuwa namtazama binti wa miaka ishirini amejitwika mzigo wangu pamoja na wake, nikamwambia arudi darasani.

Juni ilipofika tulirudi kwenye lile hori. Tarehe niliwauliza akina mama wa kikundi, wakanipa siku ya maji mafu, bahari ikiwa haina haraka. Mama Kahaso alikuja kutoka Samburu. Yusra ndiye aliyemwalika. Tulimwamkia, akaitikia, akavua viatu na kuomba aonyeshwe mahali penyewe.

Mstari wa Kahaso ulikuwa umeshika. Miche kumi na saba ilikuwa imetoa majani, ikaenda mbali kuipita mistari ya wenzake wote, halafu ikakatika ghafla penye tope tupu. Mama yake aliufuata polepole, akigusa kila mche, mimi na Yusra nyuma yake. Mwisho wa mstari Yusra alipiga magoti kwenye tope, akasema ni yeye aliyesaini.

"Najua, mwanangu," Mama Kahaso alisema. "Nilisomewa yote kwenye kikao. Inuka." Kisha akaangalia lile tope lisilo na mche. "Sahihi siyo inayoniuma. Ninalolala nalo na kuamka nalo ni hili, basi zima la watu, na hakuna hata mmoja aliyeona pengo lake. Nilimlea mtoto gani huyo, asiyeonekana hata akikosekana?"

Kama angelia au angenilaumu, pengine ningenyamaza tena.

"Pengo lake niliona mimi, mama," nikasema. "Nilihesabu mara mbili, tukawa arobaini. Mtu mmoja alikuwa hayupo na nilijua."

Yusra aliinua uso. Mama Kahaso hakugeuka mara moja.

"Uliona."

"Niliona."

"Na basi likaondoka."

"Mimi ndiye niliyemwambia dereva aondoke."

Akageuka, akanitazama. Nilingoja anitukane, nilitamani sana anitukane. Badala yake alimshika Yusra mkono, akamwinua, akamfuta tope magotini kwa ncha ya leso yake.

"Mimi umeniambia," akasema. "Huyu mtoto umemwacha mwaka mzima akijua ni yeye peke yake. Mwambie yeye sasa, na useme kwa sauti, wenzake wasikie."

Wanafunzi walikuwa wameacha kupanda, wote wanatuangalia. Nilimgeukia Yusra. "Yusra, siku ile nilihesabu vichwa," nikaanza kwa sauti, na Mama Kahaso akasimama pale pale, akasubiri nimalize.