Kiraka Mkononi mwa Bibi

Mji mzima ulijua kwamba ukimpa Bibi shati akufulie, litarudi safi, limenyooka, na limepungua. Alikuwa dobi kwa miaka arobaini, na nguo ya kila mteja aliikata kipande upande wa ndani wa pindo, kidogo kama ukucha wa dole gumba, wala hakuomba ruhusa. Kipande hicho alikishonea kwenye shuka lake la kusalia. Kila alfajiri alilitandaza magotini, akapitisha kidole kiraka kwa kiraka, akimtaja kila mtu mbele za Mungu: kinyozi mwenye mdomo mchafu, mwashi aliyekuwa akilala mtaroni kila akilewa, mwalimu mkuu ambaye hata mkewe alishachoka kumwombea. Kinyozi alilalamika kwamba suruali zake zinapanda juu mwaka hadi mwaka. Lakini hakuzipeleka kwa dobi mwingine, na alipougua alituma mtu kuuliza kama kiraka chake bado kipo.

Mtu akifa, Bibi alifumua kiraka chake akakitia ndani ya jeneza. Kwa hiyo kwenye shuka walibaki walio hai peke yao.

Sasa Bibi mwenyewe alikuwa kwenye jeneza sebuleni, saa nane mchana, watu wamejaa uani wakisubiri mazishi. Mjukuu wake wa kike, fundi cherehani ambaye hata nyumbani walimwita Fundi tu, alikuwa chumbani ameliinamia lile shuka, akitafuta kiraka kimoja. Chake.

Alikuwa na sababu ya kukitafuta. Miaka sita iliyopita, siku aliyomzika mwanawe mchanga, alimgeukia Bibi mbele za watu akasema, "Usiniombee tena. Umeniombea vya kutosha, na matokeo nimeyaona." Bibi aliitikia tu, "Haya, mwanangu." Tangu hapo walisalimiana, walikula pamoja, hata kutaniana walitaniana, ila neno lile hawakuligusa. Fundi hakujua kama Bibi alimtii. Leo, amechelewa, aligundua kwamba miaka yote hiyo alitamani asimtii.

Mahali pake alipapata karibu na kona, ubavuni mwa kiraka cha shangazi yake. Palikuwa na matundu ya sindano pande zote nne, kitambaa hakuna. Kilikuwa kimefumuliwa. Bibi hakuwahi kumfumua mtu aliye hai.

"Shangazi! Njoo uone!"

Shangazi aliingia, akatazama lile pengo, wala hakushtuka. "Nilijua utaliona. Twende sebuleni. Kuna jambo tumekuficha."

Jambo lenyewe lilikuwa mkono wa kulia. Bibi alikata roho amefumba ngumi, na wanawake waliomwosha walishindwa kuikunjua. Walijaribu maji ya moto, wakajaribu mafuta. Jirani yao muuza mkaa, mwanamke anayebeba gunia zima begani, alivuta kidole kimoja mpaka jasho likamtoka. Sasa alikuwa amesimama mlangoni, tayari kutimua mbio. "Ngumi ile si ya maiti," alisema. "Mimi nimesema, msije mkasema sikusema."

"Kiraka chako kimo humo," Shangazi alimwambia Fundi. "Na unajua mwenyewe. Kila kilichoshuka kaburini kilikuwa cha marehemu; chako kikizikwa, naogopa utamfuata. Kitoe, mwanangu. Jaribu wewe."

Fundi aliugusa ule mkono. Ulikuwa wa baridi, mgumu kama kuni. Kisha vidole vikalegea, kimoja baada ya kingine, taratibu, bila yeye kuvuta. Muuza mkaa alimwita Mungu kwa sauti kubwa.

Kiganjani palikuwa na kitambaa cha bluu, kimechakaa mpaka unaona upande wa pili, rangi imekwisha pale dole gumba lilipozoea kukaa. Fundi alikigusa. Kilikuwa na joto, kana kwamba kimetoka kwenye pasi sasa hivi.

"Alikifumua siku ileile uliyomkataza," Shangazi alisema. "Alisema ameahidi hatakuombea, na yeye havunji ahadi. Basi kila alfajiri akifika kwenye lile pengo ananyamaza, amekishika hiki tu. Siku nyingine alinyamaza mpaka jua likachomoza. Nikamwuliza, Mama, unamwambia nini Mungu? Akanijibu, simwambii kitu. Namwonyesha."

Fundi alilia kwa sauti, bila haya. Miaka sita alijiona hana wa kumtaja mbele za Mungu. Akainama sikioni mwa Bibi. "Niombee, Bibi. Neno langu nimeliondoa. Niombee."

Vidole vikafumba. Wote watatu waliona. Vilifumba juu ya kiraka na juu ya ncha ya kidole cha Fundi, vikaminya mara moja, vikakiachia kidole, vikabaki na kiraka. Muuza mkaa alitimka bila kuaga.

Shangazi alirudi nyuma mpaka ukutani. "Usikubali, mwanangu! Mwambie akiachie. Wewe ungali hai."

Huko nje mzee wa sala alishaanza kuwaita wabebaji. Fundi alijifuta uso kwa mtandio, akauchukua ule mkono, akaulaza kifuani mwa marehemu ngumi ikiwa ngumi, kiraka ndani yake.

"Huogopi?" Shangazi aliuliza.

"Naogopa sana," Fundi alisema. "Funikeni jeneza."