Unga wa Misonobari

Dobi aliolewa akaja kukaa ua mmoja na wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, ambaye majirani walimwita Jaji kwa sababu hakuna jambo lililompita bila kulitolea hukumu. Walipatana kama paka na panya. Kati ya vyumba vyao zilikatiza kamba nne za kuanikia nguo, na kamba hizo ndizo zilizomlisha dobi: mashuka ya nyumba ya wageni, makoti ya wauguzi, vitambaa vya meza.

Jaji alikuwa na pumu. Mwaka ule, baridi ilipoisha tu, akaanza kupiga chafya mfululizo, macho yamemwiva.

"Sabuni yako inaniua," alimwambia dobi. "Au ndiyo nia yako?"

"Wifi, sabuni ni ile ile ya mwaka jana."

"Na roho mbaya ni ile ile ya mwaka jana."

Akamshtaki kwa mdogo wake, fundi bomba, mtu mpole aliyechukia kelele. Fundi bomba akamsihi mkewe abadili sabuni. Akabadili. Chafya zikazidi. Ndipo Jaji alipobeba beseni zima la makoti yaliyolowekwa, akalimwaga mtaroni mbele ya wateja wawili.

Dobi hakulia. Aliapa kumpata kwa ushahidi. Mtu wa kuanika hutazama mbingu kama mwingine anavyotazama saa, na haikumchukua muda kugundua jambo. Asubuhi za ukungu mashuka yalikauka taratibu, yakatoka meupe, na Jaji akapumua vizuri. Jua likiwaka na upepo mkavu ukivuma, kuanzia saa nne mashuka yalipakwa unga wa njano, na Jaji akakohoa mpaka jioni. Mvua ikinyesha kutwa, kesho yake hewa ilikuwa shwari. Unga wenyewe ulitoka kwenye misonobari ya nyuma ya ukuta wa shule. Upepo ukiitikisa, ilifuka kama jiko.

Siku moja ya upepo dobi alilitoa shuka kambani, akaenda nalo mlangoni kwa Jaji, akalikung'uta puani pake.

"Sabuni yangu hiyo! Imeota kwenye mti!"

Jaji alipiga chafya tisa. Majirani walizihesabu kwa sauti, huku wakicheka. Hakuomba radhi, lakini tangu hapo upepo ukivuma alifunga madirisha, na mvua ikija alifungua.

Jumamosi moja, baada ya siku tano za ukavu, wingu jeusi lilipanda ghafla. Upepo ulitangulia, ngurumo zikafuata, matone yakaanza. Dobi alianua nguo mbiombio. Jaji alifungua madirisha yote, akajiketisha barazani kifua mbele.

"Leo miti yako itanyamaza," alisema.

Dobi aliingia ndani na nguo zake. Punde akasikia kikohozi, kisha kifua kikipiga filimbi, kisha sauti iliyokatika: "Dobi! We dobi!"

Alisimama nyuma ya mlango, shuka mikononi. Aliliona tena lile beseni mtaroni. Akalikunja shuka, kona kwa kona, akaliweka juu ya mengine. Ndipo akatoka.

Jaji alikuwa chini, midomo imegeuka rangi, pampu yake ya dawa imekwisha. Dobi alimbeba mgongoni hadi barabarani, mvua ikiwapiga, akajitupa mbele ya pikapu ya muuza magodoro.

"Simama! Mtu anakufa!"

Hospitali walikuta wengine sita wakihema vilevile.

"Ni dhoruba," daktari alimwambia dobi baadaye. "Upepo unaotangulia mvua huinua chavua, ule unga wa miti, na unyevu huipasua. Vipande vyake ni vidogo mno, vinashuka mpaka chini ya mapafu. Mvua huosha hewa, ndiyo, ila si dakika zile za mwanzo. Mngechelewa kidogo tu, mngekuta mambo mengine."

Dobi alitazama sakafu.

Siku ya tatu Jaji alirudi, akamwita mdogo wake barazani. "Mkeo alinisikia namwita. Hakuja."

Fundi bomba alimgeukia mkewe. "Sema ni uongo."

"Nilimsikia," dobi alisema. "Nilikunja shuka kwanza."

Fundi bomba alijishika kichwa. Kisha akamuuliza dada yake, "Na aliyekubeba?"

"Yeye huyo huyo. Na bado simtaki."

"Hata mimi sikutaki," dobi alijibu. "Lakini kwa lile shuka, nimekosa."

Jaji alimkazia macho. Kwa mara ya kwanza hakutoa hukumu.

Mwisho wa mwezi alihamia kwa binti yake, ng'ambo ya mji, ambako hakukuwa na misonobari. Dobi alishika upande mmoja wa kitanda, Jaji upande wa pili, wakakipitisha mlangoni. Hawakuagana.