Nyongo ya Mzee Fanueli

Jumatano asubuhi, Dorkas akipembua maharage, mumewe Fanueli alishika kikombe cha chai na chai ikawa chungu. Akamimina nyingine, nayo ikawa vilevile. Kufikia jioni ndoo ya maji, chumvi, hata shuka walilolalia vilikuwa na ladha ya nyongo. Dorkas alilifua shuka mara mbili. Uchungu haukumtisha. Kilichomtisha ni kuusikia moyo wa mumewe ukigonga kutoka chumba cha pili, kwa kusitasita, kama mgeni asiye na hakika na mlango.

Wakashuka hadi hospitali ya Same.

“Ini lako limejaa mafuta, mzee,” alisema daktari. “Nyongo imepotea njia, inarudi kwenye damu, na moyo unalemewa. Pombe unatumia?”

“Sijawahi kuionja. Nauza soda. Kwa siku sikosi kunywa nne.”

Daktari aliitikia kwa kichwa, akaandika: Aache pombe.

Fanueli alikuwa mzee wa kanisa. Alipeleka cheti cha daktari kwenye baraza la wazee aombewe. Baraza lilikisoma, likamtenga na Meza ya Bwana.

“Tunakuombea, mzee mwenzetu,” alisema mchungaji, akampa mkono.

Jumapili ile divai ilikuwa chungu kinywani mwa kila mshirika. Hakuna aliyetema. Mchungaji akaagiza iliyo tamu zaidi.

Fanueli alikufa Alhamisi adhuhuri. Dorkas alikuwa shambani akipalilia tangawizi. Hakumsikia akianguka, alichosikia ni kwamba kule kugonga kumekoma. Alisimama na jembe mkononi.

Fanueli alizikwa bila kengele, kama wazikwavyo waliotengwa.

Baada ya mazishi, mfereji unaopita chini ya kaburi nao ukawa mchungu. Watu walizidisha sukari kwenye chai, vijiko vitano, halafu vinane. Kabla ya mvua za vuli, mioyo mitatu ilikuwa ikisikika kutoka barabarani. Wenyewe walifunga madirisha.

Kisha Dorkas, kiongozi wa umoja wa wanawake kanisani, akaanza kuhisi uzito chini ya mbavu za kulia. Binti yake, Asteria, aliingia jikoni akakuta kila alichogusa mama yake ni kichungu.

“Mama, twende hospitali.”

“Wataniandikia nini?”

Dorkas alisogeza kopo la sukari, akatia kijiko cha tisa kwenye chai yake, akanywa.